Tupeane uzoefu: kumchagulia shule ya sekondari mtoto mwenye disleksia

Mwanzisha mada

Wanajamvi, salaam. Uzi huu ni wa wazazi na walimu wanaotafuta shule ya sekondari kwa mtoto mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma na tahajia usiotokana na uvivu wala akili ndogo. Wenye ujuzi wekeni mambo yanayoshikika: nini cha kuuliza, nini cha kukagua, wapi panapoharibika.

Naanza. Shule ya msingi mtoto anakuwa na mwalimu mmoja au wachache wanaomjua vizuri. Sekondari anakutana na walimu 8 hadi 12, na kila mmoja anamwona vipindi vichache kwa wiki. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa anakwenda vizuri anaanguka muhula wa kwanza ingawa disleksia yake haijazidi. Zilizozidi ni kurasa za kusoma, maandishi ya ubaoni, na idadi ya watu wanaopaswa kujua hali yake. Kwa hiyo msiishie kuuliza kama shule ina kitengo cha elimu maalumu. Ulizeni mwalimu wa historia na wa biolojia wanapataje habari za mtoto huyu, na wakishazipata wanafanya nini.

Chaki Nyeupe

Swali hilo aulizwe mwalimu wa historia mwenyewe, si mkuu wa shule. Na mwende siku ya kawaida ya masomo, maana siku ya wazi kila shule imejipamba.

Akijibu kwamba wanaoshindwa hupelekwa kwa mwalimu wa kitengo, basi darasani kwake hakuna kinachofanyika. Jibu zuri lina vitendo ndani yake. Atakwambia anatoa muhtasari uliochapwa kabla ya kipindi. Atakwambia istilahi 6 au 8 za mada mpya anazitamkisha na kuzikata silabi kabla ya kufungua kitabu. Atakwambia hamsimamishi mtoto kusoma kwa sauti bila kumpa aya hiyo siku moja kabla.

Kunakili ubao kunastahili swali lake. Anayenakili lazima ashike herufi akilini wakati macho yanatoka ubaoni kwenda daftarini. Mwenye disleksia hushika chache kwa mara moja, kwa hiyo hurudi ubaoni mara nyingi, hupoteza mstari, na anapomaliza maelezo ya mwalimu yameshampita. Shule ambayo somo zima ni kunakili haimfai, hata ikiongoza kwa matokeo.

Halafu ombeni kuona daftari la mwanafunzi yeyote anayeandika kwa shida, jina lifunikwe. Ikiwa kila kosa la tahajia limezungushiwa wino mwekundu na hakuna hata sentensi moja kuhusu hoja yake, mmeshapata jibu bila kumhoji mtu.

Kipima Kasi

Kabla ya kwenda shuleni kokote, isomeni upya ripoti ya tathmini. Iliyofanywa mtoto akiwa madarasa ya chini haitoshi kuongoza uamuzi wa sekondari. Iwe imepima kusoma maneno, kusoma maneno ya kubuni yasiyo na maana, kasi ya kusoma, utambuzi wa sauti, wepesi wa kutaja vitu, kumbukumbu ya muda mfupi na tahajia. Alama ya akili peke yake haionyeshi disleksia. Vipimo vingi vina wastani wa 100 na mchepuko (kadiri alama zinavyotawanyika kutoka wastani) wa 15, hivyo aliye chini ya 85 yumo katika takriban watoto 16 wa mwisho kati ya 100. Angalieni kipi kiko chini: kasi, tahajia au kumbukumbu. Hicho ndicho mtakachokwenda kukiulizia.

Jambo linalosahaulika ni lugha ya kipimo. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anaweza kusoma kila neno bila kosa ila polepole mno, na mpimaji anayehesabu makosa tu akamwona mzima. Kiingereza, ambacho herufi zilezile hubadili sauti kutoka neno hadi neno, kitamfichua. Kuna utafiti uliotoka mwaka 2001 uliolinganisha Waitalia, Wafaransa na Waingereza wenye disleksia. Waitalia, ambao maandishi yao hufuata matamshi kama ya Kiswahili, walisoma kwa usahihi zaidi, lakini wote walionyesha upungufu uleule wa shughuli katika sehemu ya kushoto ya ubongo. Kwa hiyo usomaji wa polepole katika lugha rahisi ni dalili kamili, haufai kuitwa uvivu.

Ikiwa sekondari inabadilisha lugha ya kufundishia, ulizeni nani anamfundisha mtoto mfumo wa sauti na tahajia wa lugha hiyo tangu mwanzo. Ulizeni pia kama anaweza kuachiwa lugha ya kigeni ya ziada, na muda huo ukatumika kumfundisha kusoma.

Mzazi Mwenzenu

Ahsanteni wakuu. Sasa bora shule maalumu ya watoto wa aina hii au ya kawaida yenye msaada?

Silabi

Inategemea pengo. Ikiwa mtoto bado hasomi sentensi nyepesi bila kukwama, na shule ya kawaida inampa kipindi kimoja cha msaada kwa wiki, shule maalumu kwa mwaka mmoja au miwili inaweza kuwa ndiyo njia. Lakini ulizeni masomo yanayotolewa: kuna maabara ya sayansi? Kuna hisabati ya kiwango cha juu? Wanafunzi hurudi shule za kawaida baada ya muda gani, na wakifika huko wanafuatiliwa? Kwa walio wengi naona shule ya kawaida yenye msaada halisi inatosha. Neno zito hapo ni "halisi".

Msaada halisi una vipimo. Vipindi 3 hadi 5 kwa wiki, dakika 30 hadi 45, kundi lisizidi watoto 4, na mwalimu aliyesomea kufundisha kusoma kwa mpangilio, kutoka sauti hadi silabi hadi neno. Kwa kijana wa sekondari lazima waongeze viambishi. Neno kama "yatakapowafikia" linamzidi likisomwa kwa mkupuo, ila akilikata ya-taka-po-wa-fikia linasomeka na maana inabaki. Ulizeni maendeleo yanapimwaje. Shule inayojua kazi yake itasema kila wiki 6 hadi 8 wanahesabu maneno sahihi kwa dakika katika matini ambayo mtoto hajawahi kuiona.

Shule nyingi huita "msaada" kile ambacho ni kukaa na mtu anayemsomea maswali ya kazi za nyumbani. Hilo linamvusha siku, na linahitajika, ila halimfundishi kusoma. Anahitaji yote mawili.

Na ulizeni anatolewa kipindi gani kwenda kwenye msaada. Akinyang'anywa sanaa, michezo au somo pekee analong'ara, ndani ya miezi michache atauchukia msaada wenyewe.

Shule ikiwauzia miwani ya rangi au mazoezi ya macho kama tiba, ondokeni. Disleksia chanzo chake kikuu ni namna ubongo unavyochakata sauti za lugha. Macho yapimwe ili kuondoa shaka, basi.

Mtihani Kesho

Naongezea kwenye mitihani, maana ndipo wengi huchelewa. Muda wa ziada, mara nyingi robo ya muda wa mtihani, msomaji, mwandishi, kompyuta, chumba cha peke yake: hivi huombwa mapema, na bodi nyingi hutaka ushahidi kwamba ndivyo mtoto anavyofanya kazi siku zote shuleni. Asipowahi kupewa muda wa ziada kwenye majaribio ya darasani, ombi la mwaka wa mwisho linakosa miguu. Kwa hiyo ulizeni: majaribio ya muhula wa kwanza anapewa? Nani anatunza kumbukumbu? Ombi linaandikwa mwaka gani na nani?

Msomaji naye ana mipaka. Kwenye sayansi anaweza kuruhusiwa, kwenye sehemu inayopima kusoma mara nyingi hapana.

Tena, muda wa ziada usiofanyiwa mazoezi hupotea bure. Mtoto akae nao kwenye majaribio ajue anautumia wapi: kusoma swali mara ya pili, kupanga hoja, kukagua. Na mtihani wa kuingia shule hiyo? Ombeni marekebisho kwa maandishi kabla ya siku yenyewe. Jibu watakalowapa ni sampuli ya miaka yote inayofuata.

Daftari la Mistari

Teknolojia: msikubali jibu la "kompyuta tunazo". Anaruhusiwa kuwa nayo darasani kila kipindi, au iko kwenye chumba kinachofungwa? Shule iliyopiga marufuku simu ina ruhusa gani kwa programu ya kusoma kwa sauti? Na vitini viko vipi? Ukurasa uliopigwa picha ukahifadhiwa kama faili hausomeki na programu hizo mpaka upitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi. Mwalimu akituma faili alilolichapa, tatizo halipo.

Kuchapa kwa vidole vyote afundishwe likizo kabla ya kuanza. Mpimeni: dakika 10 kwa mkono, dakika 10 kwa kibodi, matini inayolingana, hesabuni maneno. Kibodi isipokuwa na kasi zaidi, kompyuta itamrudisha nyuma na ataiacha.

Kwa shule ya bweni, nani anasimamia masomo ya jioni? Kazi ya nyumbani ipimwe kwa dakika, isipimwe kwa kurasa. Kazi ya nusu saa kwa wenzake inaweza kumla saa mbili.

Chaki Nyeupe

La mwisho kwangu. Ahadi ya mdomo huondoka na mwalimu aliyeitoa. Andikeni ukurasa mmoja, usizidi: anachofanya vizuri, vitu vitatu vinavyomkwamisha, vitu vitano ambavyo kila mwalimu afanye. Mtoto mwenyewe aseme kipi kinamsaidia na kipi kinamtia aibu, maana kuna anayependa kukaa mbele na kuna anayeona huko ni kuanikwa. Mkabidhini mratibu wa msaada kabla ya siku ya kwanza, na mpate sahihi yake. Wiki ya 3 waulizeni walimu wawili wa masomo yasiyo ya lugha kama wameuona. Wasipokuwa wameuona, mrudieni mratibu siku hiyohiyo, msingoje kikao cha mwisho wa muhula.