Skleroderma: je, mishipa ya mapafu nayo hubana kwa baridi kama ya vidole?

Binti wa Kadutu (Bukavu)
Heshima kwenu nyote. Mama yangu ana skleroderma, ugonjwa unaokakamaza ngozi, na huu ni mwaka wa nne. Kila asubuhi anapoosha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, kwa maji baridi, vidole vyake hupauka kama majivu, naye akipanda kilima baadaye huhema sana. Juzi muuguzi alimbana kidole kwa kifaa cha kupima oksijeni, kikaonyesha asilimia 79, kisha namba zikapotea kabisa. Je, mishipa ya mapafu inaweza kubana vivyo hivyo, na hupimwaje?

Daktari wa mapafu (Lubumbashi)
Pole dada, na mpe mama pole pia. Watafiti wamewahi kupoza mikono ya wagonjwa na kupima mapafu kabla na baada: baadhi waliona gesi ikivuka kwa shida kuingia damuni, wengine hawakuona badiliko lolote. Kwa hiyo hospitalini hakuna kipimo cha kawaida cha mbano wenyewe. Tunachotafuta ni shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, ambalo huwapata baadhi ya wenye ugonjwa huu na huanza kimyakimya. Mgonjwa huvuta hewa yenye kaboni monoksidi kidogo sana, akaishikilia kwa sekunde 10, kisha tunaangalia ni kiasi gani kimevuka. Ujazo wa mapafu ukiwa mzuri lakini gesi haivuki, mimi hushuku mishipa kabla ya makovu ya mapafu. Ekografi ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hufuata, na kasi ya damu inayorudi nyuma kwenye vali ya kulia ikizidi mita 2.8 kwa sekunde, shaka huongezeka. Uthibitisho hupatikana kwa kupitisha mrija mwembamba hadi upande wa kulia wa moyo, ambako wastani wa shinikizo unaozidi milimita 20 za zebaki si wa kawaida.

Muuguzi (Goma)
Ile 79 msiiamini wala msiipuuze. Kidole ambacho mishipa yake imebana hakina damu ya kutosha, hivyo kifaa husoma ovyo. Mama apashe mikono moto, kisha apimwe tena, na ikiwezekana kwa kihisi kilichotengenezewa ndewe ya sikio au paji la uso. Kumbukeni pia kwamba Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo namba zetu huwa chini kidogo kuliko za watu wa pwani. Damu yake nayo ipimwe, kwa sababu upungufu wa damu humfanya mtu aheme vilevile.

Binti wa Kadutu (Bukavu)
Asanteni sana. Ekografi alifanyiwa miaka miwili iliyopita, na tuliambiwa moyo ni mzima. Je, haitoshi?

Daktari wa mapafu (Lubumbashi)
Haitoshi, dada. Mwenye skleroderma huchunguzwa kila mwaka hata asipolalamika, na mama tayari anahema. Arudie ekografi mwezi huu, na mweleze daktari kilima kile kile alikipandaje mwaka jana na anakipandaje sasa.