Mrejesho: boneti sasa inakaa juu

Wakuu, niliwauliza kwa nini boneti ya gari yangu inashuka yenyewe hadi naiegemeza kwa kipande cha mti. Mlisema shokapu zake za gesi (zile mbili zinazoishikilia ikiwa wazi) zimechoka, na ni kweli: moja ilikuwa inavuja, mafuta meusi yameganda na vumbi shingoni pale fimbo inapoingilia.

Nimepata mpya Ngamiani, hapa Tanga, urefu uleule, na ubavuni zimeandikwa 350N (nguvu ya kusukuma, kwa nyutoni) kama za zamani. Mwanangu alishikilia boneti, mimi nikachokoa klipu zinazozibana kwa bisibisi ndogo. Fundi jirani alisisitiza fimbo ielekee chini boneti ikifungwa, ili mafuta ya ndani yalowanishe sili, ule mpira wa shingoni unaozuia kuvuja. Na msibadilishe moja tu, boneti inaweza kupinda! Za zamani msizitoboe, gesi bado ina presha. Asanteni sana.