Naomba ushauri: kuoga kwa maji kidogo kwenye motohomu (gari la kuishi ndani)

Wakuu habari zenu, tupo Ujerumani, tuna motohomu ya tangi lita 100 na familia ni watu wanne, shida ipo kwenye kuoga. Tunajimwagia kidogo, tunafunga, tunajipaka sabuni, ndo tunafungua tena kujisuuza, ila kila ukifungua yanaanza ya baridi yaliyolala kwenye paipu, unasubiri weee mpaka yapate moto na hapo ndo maji yanaisha. Kwa sasa nayakinga kwenye kopo tunamwagia chooni. Binti akiosha nywele ndo balaa kabisa. Wife anasema turudi kwenye ndoo na kata tu. Kuna mtu kafunga kichwa cha shawa chenye kitufe cha kuzimia mkononi? Ukifungua tena joto linabaki lile lile au linakuunguza? Nahofia watoto.