Je, dereva anayezungumza na simu kwa spika za masikioni yuko salama kweli?

Abiria wa Nyanda za Juu:
Habari zenu, wanajukwaa. Husafiri mara kwa mara kwa basi kati ya Dar es Salaam na Mbeya, na kuna jambo linalonitia wasiwasi. Madereva wengi siku hizi hawashiki simu mkononi kwa kuogopa askari wa usalama barabarani, bali huvaa spika za masikioni na kuzungumza kwa muda mrefu, hata pale barabara inapopita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako tembo au nyati anaweza kuvuka wakati wowote. Nilipomwomba kondakta amwambie dereva akate simu, alinijibu kwamba mikono yote miwili ipo kwenye usukani, hivyo nisiwe na hofu, na baadhi ya abiria wakaniona msumbufu. Je, jibu hilo lina ukweli? Kama halina, abiria afanye nini bila kuzua ugomvi ndani ya gari?

Mkufunzi wa Udereva:
Ndugu mleta mada, jibu la kondakta si sahihi, na ulikuwa na haki kabisa ya kusema. Mwaka 1997 watafiti Redelmeier na Tibshirani walichapisha uchunguzi wa madereva 699 wa Toronto, Kanada, waliokuwa wamepata ajali, wakalinganisha muda wa ajali na kumbukumbu za simu zao. Waligundua kwamba hatari ya kugonga huongezeka takriban mara nne dereva anapokuwa kwenye simu, na kwamba simu zisizoshikwa mkononi hazikuonyesha nafuu yoyote. Shirika la Afya Duniani nalo linaeleza kwamba simu za namna hiyo si salama zaidi kwa kiasi cha kutajika.

Sababu ni kwamba kinachotekwa na simu ni akili kabla ya mikono. David Strayer na wenzake wa Chuo Kikuu cha Utah walifuatilia mwendo wa macho ya madereva katika mtambo wa kuigiza uendeshaji, wakaona kwamba waliokuwa wakizungumza na simu walielekeza macho kwenye vitu vya kando ya barabara, lakini baadaye walishindwa kuvitambua. Basi likiwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 kila sekunde. Kwa sekunde tano za akili kuwa kwingine, limekwenda zaidi ya urefu wa uwanja wa mpira.

Mama wa Kibaha:
Ahsante, Mwalimu. Ila mbona dereva huzungumza pia na kondakta au abiria wa kiti cha mbele, na hakuna anayelalamika?

Mkufunzi wa Udereva:
Swali zuri, mama. Aliye ndani ya gari anaiona barabara, kwa hiyo lori likijitokeza kwenye kona hunyamaza, na mara nyingine ndiye anayetahadharisha. Aliye upande wa pili wa simu haoni chochote, naye huendelea kudai majibu wakati ambapo dereva anahitaji utulivu kuliko wakati mwingine wowote. Hata hivyo, simtetei abiria anayembishia dereva njia nzima.

Dereva Mstaafu:
Niliendesha mabasi ya mikoani kwa miaka mingi, na ningependa tuliangalie jambo hili upande wa ofisi pia. Simu nyingi za dereva hazitoki nyumbani kwake. Zinatoka kwa wakala anayeulizia mzigo, au kwa mwenye gari anayetaka kujua amefika wapi, na dereva asiyepokea huonekana mkaidi. Inasikitisha, kwa sababu dawa yake haigharimu chochote: simu ya kazi ikae kwa kondakta, na kama kuna neno la lazima, dereva alipokee gari likiwa limesimama.

Kwa upande wako, ndugu mleta mada, usimfokee dereva akiwa kwenye usukani, maana utamwongezea jambo la pili la kumshughulisha. Zungumza tena na kondakta, ukiwahusisha abiria wawili watatu, kwa kuwa sauti ya mmoja hupuuzwa upesi. Asipokusikia, andika namba ya gari, saa na mahali, kisha utoe taarifa LATRA, yaani mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa nchi kavu, au kwa askari kwenye kituo cha ukaguzi. Askari anapopanda na kuuliza dereva anaendeshaje, tafadhali jibuni. Mara nyingi basi zima hukaa kimya, naye hushuka akiamini kwamba mambo ni shwari.