Mie nina hina mikono miwili, yeye anajipa nyota tano kwa simu yangu!!

bikidude_si_mie: Jamani nina hasira mpaka hina imekataa kukauka. Mnamjua. Yule yule, simtaji.

Kanipaka hina na piko mpaka viwikoni, nimekaa mikono juu kama nimekamatwa na polisi. Pua yaniwasha, sijikuni. Mara bibie kaitoa simu yangu mkobani, kanielekezea usoni, ikafunguka! Nikadhani anipiga picha. Kumbe yumo Google anajipa nyota tano. Tano! Kwa USO wangu!

Sikatai kuombwa. Mtu mwambie, "Shoga, ukipata wasaa niandikie mawili matatu," akifika kwake keshakoga, keshakula, ataandika. Si kuniotea sina mikono! Na maneno kayatia kwa jina langu: "Mashaallah huyu dada hana mfano Unguja na Pemba." Mie Pemba hata bandari yake siijui! Na ua la kiganja cha kushoto limetoka pweza.

Kwa USO wangu, wallahi.

mkaanga_vibua: Pole shoga. Minyiri minane imetimia? Weka picha.

wa_wete: Hana mfano Pemba, kamuuliza nani? Huku wapo wapakaji atawabebea mkoba.

chumvi_nyingi: Hina mbichi, na uzi huu umeuandikaje?

bikidude_si_mie: Naandikiwa na mdogo wangu. Na yeye anacheka.

jahazi_bovu: Afadhali yako. Sie nahodha wa boti ya Changuu, kile kisiwa cha kobe, kazima mashine katikati ya maji, ati "niandikieni sifa TripAdvisor kwanza." Mtandao haushiki, tunayumba kama dumu tupu. Kobe nimewaona nishatapika.

chumvi_nyingi: Bi hina, akaunti si yako? Ingia Google Maps, kwenye michango yako, yaani maoni yaliyoandikwa kwa jina lako, futa.

bikidude_si_mie: Nifute? Alhamisi ndiye anayempaka bibi harusi wetu, arubuni keshakula. Si atampaka bizari!

mkaanga_vibua: 😂😂 Muuza urojo wa mtaani kwetu ukimpa tano anakuongeza bajia.

jahazi_bovu: Hiyo Google wameikataza, kumpa mtu kitu ili akusifu.

mkaanga_vibua: Waje wanikataze na bakuli mkononi.

wa_wete: Bajia ngapi?

mkaanga_vibua: Moja. Ya jana.