Kebo ya nje: tyubu yenye jeli, tyubu kavu au nyuzi zilizobanwa?

Fundi_Nguzo
Wakuu, habari za kazi. Nina njia ya kebo ya nyuzi za mwanga (faiba), kilomita 4 hivi, kati ya majengo mawili. Kilomita 3 zinapita kwenye bomba la chini ambalo hujaa maji kila mvua ikinyesha, kipande kilichobaki kinapanda nguzo. Nyuzi 24, zote za modi moja (mwanga hupita kwa njia moja tu). Mezani nina sampuli tatu: ya kwanza tyubu zenye jeli ya kuzuia maji, ya pili tyubu kavu zenye uzi unaovimba ukigusa maji, ya tatu nyuzi zilizobanwa, yaani kila uzi umevishwa plastiki hadi mikroni 900 (milimita 0.9). Hii ya tatu ni tamu kuishika, haina uchafu, na bosi ndiyo anayoitaka. Mnasemaje?

Mpima_Mwanga
Ya tatu iache ndani ya jengo.

Fundi_Nguzo
Sababu mkuu? Bosi hatakubali sentensi moja.

Zamu_ya_Usiku
Acha nimsaidie, nimekaa miaka kadhaa kiwandani kwenye laini ya tyubu.

Uzi wenyewe ni kioo chenye unene wa mikroni 125, na mwanga unapita kwenye kiini cha mikroni 9 hivi. Juu yake yanapakwa matabaka mawili ya akrilati, la ndani laini, la nje gumu, na unafika mikroni 250. Hapo bado hatujagusa kebo. Shida inaanzia kwenye plastiki ya kebo: joto likipanda inarefuka, baridi ikiingia inanywea, na inafanya hivyo zaidi ya mara mia kuliko kioo. Ukivibana pamoja kwenye njia ndefu ya nje, plastiki ikinywea inausukuma uzi, nao unajikunja vikunjo vidogo usivyoweza kuviona. Mwanga unavujia hapo.

Kwa hiyo tyubu huachwa na nafasi, na uzi unaingizwa ukiwa mrefu kidogo kuliko tyubu. Ziada hiyo haifiki hata asilimia moja, lakini ndiyo iliyokuwa ikitukosesha usingizi. Tulikuwa tunaichezea kwa joto la maji ya kupozea na kwa nguvu ya kuivuta tyubu. Ikizidi, nyuzi zinajazana na kujipinda humo ndani. Ikipungua, siku mnavuta kebo kwenye bomba, uzi unabeba mzigo ambao ulikuwa wa fimbo ya katikati na nyuzi za aramidi.

Baada ya hapo tyubu zinasukwa kuizunguka fimbo kwa mtindo wa SZ: mizunguko kadhaa kulia, halafu zinarudi kushoto. Ndiyo maana fundi anaweza kufungua kebo katikati ya njia, akavuta tyubu moja nje, na zile nyingine akaziacha nzima.

Mpima_Mwanga
Kuongezea tu: kebo za nje zenye nyuzi zilizobanwa zipo, ila ni za njia fupi, jengo na jengo jirani. Kilomita 4 zenye maji, hapana.

Kisu_na_Spiriti
Mimi naichukia jeli na sitaficha. Tyubu 12, kila moja unaipangusa kwa kitambaa, kisha spiriti, kisha kitambaa kingine, na bado uzi unateleza mkononi unapotaka kuukata. Kavu unafungua, unapangusa mara moja, unaunganisha. Ila mwisho wa kebo kavu usiuache wazi usiku kucha, ile tepu ya kuzuia maji inanyonya unyevu na kuvimba kabla ya wakati wake.

Pia angalia vizuri hiyo sampuli ya pili. Kebo nyingi zinazoitwa kavu ni kavu katikati ya tyubu tu, ndani ya tyubu jeli ipo.

Dramu_Nzito
Mmesahau nguzo. Kebo ya bomba haijibebi yenyewe. Huko juu unahitaji ADSS, yaani kebo isiyo na chuma inayojibeba yenyewe, au ile ya umbo la nane yenye waya wa kubebea, kwa hiyo panga boksi la kuunganishia pale inapotoka ardhini. Kama panya wapo kwenye bomba, chukua yenye bati la chuma la mikunjo, lakini ukishaweka chuma lazima ukitie ardhi.

Na aina ya uzi wa kioo wenyewe? G.652.D ya kawaida au G.657.A1 inayovumilia kukunjwa?

Mpima_Mwanga
A1. Inaunganishwa na G.652.D bila matatizo, na inavumilia kona ya nusu kipenyo cha milimita 10, wakati ile nyingine hupimwa kwa milimita 30. Boksi za nguzo huwa finyu.

Fundi_Nguzo
Nimerudi. Nimeichana sampuli ya pili: nje kavu kabisa, ndani ya tyubu jeli tele. Karatasi yake imeandikwa "kavu" tu. Ile ya tatu, nimevua uzi mmoja nikauzungusha kwenye penseli. Kwenye mwanga wa nanomita 1310 upotevu umepanda, kwenye 1550 mwanga umekata kabisa. Bosi alikuwa amesimama pembeni, hakusema kitu.

Kisu_na_Spiriti
Hahaha. Karibu kwenye jeli, ndugu yangu.

Zamu_ya_Usiku
Ukiagiza, omba ripoti ya kiwanda ya kipimo cha joto, upotevu kwenye baridi na kwenye joto kali. Na dramu za kebo zikifika zipime kwa OTDR, kile kifaa kinachotuma mwanga kwenye uzi na kuonyesha unapopotea, kwenye 1550 kabla hujasaini kupokea.

Fundi_Nguzo
Sawa mkuu. Boksi la kutokea ardhini nalichora leo.