Geji ipi ya upepo wa matairi inaaminika? Tatu nilizotumia zimenipa majibu matatu

Muuliza swali, Dar es Salaam

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Naomba msaada katika jambo lililonisumbua kwa takribani mwezi mzima sasa. Nina gari dogo lililotoka Japani, na karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva inaelekeza kPa 220 kwa matairi yote manne, ambayo kwa hesabu ni karibu PSI 32. Hivi karibuni nilikwenda Mbeya na familia, na niliporudi fundi alinionyesha kwamba matairi ya nyuma yamelika kwenye kingo zote mbili, ilhali katikati bado yana kina kizuri. Alisema hayo si matokeo ya safari moja, bali ni alama ya matairi yaliyotembea na upepo mdogo kwa miezi mingi. Nilishtuka, kwa sababu mimi hujaza upepo kila baada ya wiki mbili bila kukosa.

Ndipo nilipoanza kuvitilia shaka vipimo vyenyewe. Tairi la nyuma kushoto nimelipima kwa geji tatu: ya kwenye mpira wa kompresa ya kituo cha mafuta ilisoma 33, ya mfano wa kalamu niliyoinunua kwa muuza vifaa vya magari ilisoma 28, na ya kidijitali niliyoiazima kwa jirani ilisoma 30.5. Ninaomba kujua ni ipi kati ya aina hizi inayostahili kuaminiwa, na kama nitanunua mpya, niangalie nini ili nisiongeze namba ya nne kwenye hizi tatu.

Fundi wa matairi, Iringa

Ndugu muuliza swali, kabla hujaihukumu geji yoyote, tuambie kila kipimo ulikichukua saa ngapi na gari lilikuwa limetoka wapi.

Muuliza swali, Dar es Salaam

Shikamoo mzee. Kituoni nilipima mchana, nikiwa nimetoka mjini, mwendo wa kama kilomita 9 kwenye foleni. Ile ya kalamu niliitumia kesho yake alfajiri kabla sijaliwasha gari. Ya jirani niliitumia jioni ya siku hiyo, yapata saa moja baada ya kurudi nyumbani.

Fundi wa matairi, Iringa

Marahaba. Basi hukulipima tairi moja kwa geji tatu. Umepima hali tatu za tairi moja. Tairi likitembea hupata joto, upepo uliomo ndani hutanuka, na kipimo hupanda PSI 4 au hata zaidi kwenye lami ya mchana. Namba iliyoandikwa mlangoni ni ya tairi lililopoa, yaani gari limesimama angalau saa 3, au halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu hivi. Wewe kila ukitoka mjini unajaza mpaka 32 tairi likiwa la moto, na likipoa usiku linabaki na 28 au 29. Nadhani huo ndio ugonjwa uliozila kingo za matairi yako, hata kabla hatujaizungumzia geji.

Sasa tuje kwenye geji. Kazi hii nimeifanya miaka mingi, na jambo la kwanza ninaloliangalia ni kichwa kinachokaa juu ya valvu. Kichwa kikikaa upande, utasikia upepo ukifoka, na namba utakayoisoma ni ya tairi linalovuja mkononi mwako. Kishike kikae wima, kisukume mara moja kwa uthabiti, na ile sauti ikatike kabisa ndipo usome. Kisha rudia mara tatu kwenye tairi hilohilo. Geji nzuri itakupa namba ileile, au itapishana kwa nusu PSI. Ikikuambia 31, halafu 28, halafu 30, usiisumbukie tena. Ikikuambia 34 mara zote tatu ilhali ukweli ni 32, hiyo bado ina faida, kwa kuwa utapunguza 2 na kuendelea na kazi.

Geji za kwenye mipira ya kompresa siziamini hata kidogo, na sisemi hivyo kwa dharau. Kwangu mwenyewe mpira huanguka sakafuni mara nyingi kwa siku, gari hupita juu yake, na maji ya kompresa huingia ndani ya kichwa. Mteja akitaka kipimo cha kusafiri nacho, ninajaza kwa mpira, halafu ninahakikisha kwa geji ya mkononi ninayoitunza ndani ya sanduku lake na ambayo kijana wangu yeyote haruhusiwi kuigusa.

Mtaalamu wa maabara ya vipimo

Mzee ameeleza vizuri sana. Ninaomba kuongeza upande wa usahihi wenyewe, kwa kuwa watu wengi hununua geji kwa kuangalia bei au idadi ya tarakimu zinazoonekana kwenye kioo, na vyote viwili havisemi ukweli.

Geji ya mshale ndani yake ina bomba jembamba la shaba lililopindwa kama mundu. Upepo ukiingia, bomba hilo hujaribu kunyooka kidogo, na mwendo huo mdogo hupitishwa kwenye meno hadi kwenye mshale. Ubunifu huo ni wa Mfaransa Eugène Bourdon, aliyeupatia hataza mwaka 1849, na hadi leo ndio unaotumika kwenye boila, mitungi ya gesi na geji za matairi zilizotengenezwa kwa uangalifu. Ya kalamu ni tofauti: upepo husukuma pistoni ndogo dhidi ya springi, na kijiti chenye alama hutokea nje. Vumbi likiingia humo, kijiti husimama kabla ya kufika mahali pake, na ndiyo sababu geji za namna hiyo zilizozeeka mara nyingi husoma chini ya ukweli.

Jambo ambalo wauzaji hawalielezi ni kwamba kosa linaloruhusiwa kwenye geji ya mshale huhesabiwa kwa asilimia ya kipimo chake cha juu kabisa, na si ya namba unayoisoma. Chukua geji ya kompresa inayofika PSI 220, yenye daraja la 2.5, yaani kosa la asilimia 2.5 ya kipimo hicho cha juu. Inaruhusiwa kukosea kwa PSI 5.5 popote kwenye uso wake, na bado ikahesabiwa kuwa nzima. Geji ya PSI 60 yenye daraja la 1.6 haiwezi kukosea zaidi ya PSI 1. Kwa hiyo, kwa gari dogo linalotumia 32, nunua inayoishia 60, ili mshale ukae katikati, mahali ambapo geji nyingi huwa sahihi zaidi. Mwenye lori linalotumia PSI 100 na kuendelea atafute inayofika 160. Kununua kubwa ili itoshe kila gari ni kujinunulia kosa.

Kuhusu za kidijitali, ile 30.5 inaonyesha kwamba kioo kinaweza kuandika nusu, wala haithibitishi kwamba nusu hiyo ni ya kweli. Soma kwenye karatasi yake ilipoandikwa alama ya kuongeza na kutoa (±), yaani kiasi inachoweza kukosea. Kama hapajaandikwa chochote, mtengenezaji hajakuahidi chochote.

Dada mwenye kazi ya kusafirisha mazao, Morogoro

Ninakubaliana na waliotangulia, ila ninaomba nitetee kidogo geji za kidijitali. Mimi huondoka saa 10 alfajiri, giza likiwa bado limetanda, na macho yangu hayasomi tena vistari vidogo vya mshale. Nina ya kidijitali yenye taa kwa mwaka wa tatu sasa, na kila nilipoilinganisha na geji ya fundi wangu hazikupishana hata PSI 1. Iliniangusha mara moja tu, betri ilipokuwa inakaribia kuisha: iliniandikia 24 kwenye tairi ambalo kwa macho tu lilikuwa limejaa. Tangu siku hiyo hubadilisha betri kila Januari, iwe imeisha au haijaisha, na siiachi tena ndani ya gari linaloshinda juani.

Muuliza swali, Dar es Salaam

Ninawashukuru sana, mmenifungua macho. Nina swali moja lililobaki. Nilipofika Mbeya nilipima asubuhi ya siku ya pili na namba ilikuwa karibu ileile niliyoondoka nayo Dar es Salaam, ingawa kule kulikuwa na baridi kali. Baridi si hupunguza upepo?

Mtaalamu wa maabara ya vipimo

Hupunguza, ila kuna jambo jingine lililokuwa likivuta upande wa pili. Geji haipimi kanieneo, yaani nguvu ya msukumo wa hewa, yote iliyomo ndani ya tairi. Inapima tofauti kati ya ya ndani na ile ya hewa iliyokuzunguka. Pwani hewa inasukuma kwa karibu kPa 101. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake inasukuma kwa kPa 82 hivi. Upungufu huo pekee huifanya geji isome karibu PSI 2.7 zaidi, bila mtu kuongeza chochote. Upande wa pili, tairi likipoa kutoka nyuzi 30 hadi 15, hupoteza takribani PSI 2.3. Viwili hivyo vikikutana vinakaribia kufutana, na ndiyo maana uliona namba ileile. Geji yako haikukudanganya katika hilo. Hata hivyo, ukishuka kurudi Dar es Salaam pima upya asubuhi, kama unavyopima baada ya safari yoyote ndefu.

Na ukitaka kuthibitisha geji yako, tafuta gereji yenye geji iliyohakikiwa na yenye kibandiko kinachoonyesha tarehe ya uhakiki, ulinganishe papo hapo kwenye tairi lililopoa. Wenye karakana wanaohitaji cheti wanaweza kupeleka zao kwenye maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania.

Muuliza swali, Dar es Salaam

Ninarudi na matokeo baada ya wiki mbili. Nimenunua geji ya mshale inayoishia PSI 60, yenye mpira mfupi, ganda la kuikinga isivunjike, na kitufe cha kupunguzia upepo bila kuiondoa kwenye valvu. Kabla ya kulipa nilimwomba muuzaji anifungulie tatu za aina hiyo, na moja mshale wake ulikuwa umelala juu kidogo ya sifuri, nikairudisha.

Jumamosi niliamka mapema nikazipeleka zote kwenye gereji iliyo jirani na nyumbani, chini ya kilomita moja, yenye geji iliyohakikiwa mwaka huu. Fundi alilisimamisha tairi kwenye 32 kamili. Ya mshale ilisoma 31.5 mara zote tatu. Ya jirani yangu ilisoma 32.5, mara mbili ikarudia hivyohivyo. Ya kalamu ilianza na 29, ikapanda 30.5, kisha ikashuka 28, nami nimeiweka kando. Tulipopita kituoni wakati wa kurudi, mpira wa kompresa ulionyesha 35 kwenye tairi hilohilo.

Nimebandika kipande cha plasta nyuma ya geji mpya na kuandika juu yake kwa kalamu ya wino: ongeza nusu. Yale matairi mawili ya nyuma nimeambiwa yatafika miezi michache tu.

Fundi wa matairi, Iringa

Vizuri sana, mwanangu. Usisahau na lile la akiba lililoko kwenye buti. Hilo nalo lipime asubuhi hiyohiyo.